Wewe ni wa Wapi Hasa? Kutoka Minneapolis mpaka foleni ya kitambulisho Kisii



Najua simu yako imejaa klipu. Mwanasiasa wa Marekani anasema Wasomali warudi walikotoka. Mwingine wa Ulaya anasema Mwislamu hawezi kuwa raia wa kweli kwa sababu hana maadili ya nchi yao. Unatazama, unakasirika, unatumia jamaa kwenye WhatsApp, nao wanatumia wengine. Sawa. Sisi pia tumezisambaza, hatujitoi. Lakini leo tunataka uweke simu chini kidogo, kwa sababu swali wanaloulizwa ndugu zetu kule linaulizwa pia hapa, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko la Daraja Mbili, na hakuna anayelirekodi.

Habari inayotufikia mara kwa mara ni ya namna hii. Kijana amezaliwa Kisii mjini, mtaa wa Nubia. Amesoma hapa hapa, amemaliza kidato cha nne. Ekegusii anakiongea kuwashinda baadhi ya walimu wake. Ametimiza miaka 18, anaenda kuomba kitambulisho pamoja na rafiki yake waliyekaa naye dawati moja. Rafiki anataja jina, anataja eamate ya baba yake, anatoa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, anapigwa alama za vidole, kwisha. Anatoka nje anamngojea mwenzake wakanywe chai.

Mwenzake anataja jina lake, la Kiislamu mwanzo mpaka mwisho, na kalamu inasimama.

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa. Nubia."

"Hapana. Wa wapi hasa?"

Basi hapo safari imeanza. Lete kitambulisho cha baba. Amekileta. Lete cha babu. Babu alishafariki. Lete cheti chake cha kifo. Lete wazee wawili wanaomjua. Kuna kamati ya kukupiga msasa, ila haikai leo, rudi siku fulani. Anarudi siku fulani, mwenyekiti amesafiri. Na kila kurudi ni nauli, na kila nauli inatoka kwa mama anayeuza mandazi. Mwenye kutoa kitu kidogo anaona karatasi zinatembea. Asiyenacho anaambiwa avumilie.

Wakati anavumilia, hana laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, kwa hivyo hata M-Pesa anatumia ya mama. Hawezi kufungua akaunti ya benki. Mkopo wa HELB unampita. Hawezi kupata PIN ya KRA wala leseni ya kuendesha boda boda kihalali. Na ikifika uchaguzi wa Agosti 2027, wale watakaoamua nani awe gavana na nani awe mbunge wake watakuwa watu wote isipokuwa yeye.

Mwandishi wa maneno haya yamemkuta. Katika ofisi moja, hatutaitaja, aliulizwa jina la kijiji cha babu yake huko Sudan. Babu huyo hakuwahi kuiona Sudan maisha yake yote. Alizaliwa Kenya, akazikwa Kenya, na kitu cha mbali zaidi alichokijua ni Kibera. Afisa hakuwa mtu mbaya, alisema tu kwamba lazima kijaze hicho kisanduku kwenye fomu. Ukifikiria, hiyo ndiyo sehemu inayouma. Hakuna aliyekuchukia. Kisanduku tu.

Sasa tuongee historia, na tuiongee yote, hata ile isiyotupendeza.

Wanubi wa Kenya ni wajukuu wa askari. Wengi wa hao askari walitoka Sudan ya kusini na maeneo ya jirani, wakawa katika jeshi la Emin Pasha kule Equatoria, na mwaka 1891 Lugard akawachukua kuwatumia Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walipounda King's African Rifles, watu hawa walikuwa ndani. Baada ya utumishi hawakurudishwa kwao. Waliwekwa hapa na pale kando ya miji ya serikali: Kibera, Kibigori, Kibos, Eldama Ravine, Kisii. Mtaa unaouona leo mjini kwetu una asili hiyo.

Na usisahau jina lingine la mji huu, Bosongo, mahali pa Wazungu. Abagusii hawakuwakaribisha Wazungu. Mwaka 1905 lilikuja jeshi, mwaka 1908 likaja tena baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, vijiji vikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Jeshi lenyewe lilikuwa King's African Rifles, ambalo babu zetu walilitumikia. Kwa hivyo mzee wa Mosocho au wa Nyamira akisema "nyinyi mlikuja na Mzungu", usimrukie. Hadanganyi. Mwambie ni kweli, kisha umwambie na hili: yule askari hakuombwa maoni yake, Mzungu alipoondoka alimwacha bila ardhi na bila karatasi, na mtoto wa mtoto wa mtoto wake hakumchoma mtu yeyote nyumba.

Serikali ya mkoloni haikuwaandika kama wenyeji kwa sababu hawakuwa na hifadhi ya kabila. Ilipokuja serikali ya Uhuru, ikarithi daftari lile lile. Ndio maana miaka sitini baada ya bendera kupandishwa bado kuna kisanduku kwenye fomu kisichojazika.

Haya si malalamiko ya barazani tu. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa tangu kuundwa, na ulihusu watoto Wanubi wa Kenya. Ikasema kwamba kumwacha mtoto mpaka afike miaka 18 bila kujua kama ana nchi, kisha kumpitisha kwenye msasa ambao wenzake hawapitii, ni kumvunjia haki yake ya uraia na ni ubaguzi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaamua kesi ya jamii yote ya Wanubi, na Kenya ikashindwa tena. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera wakapewa hati ya ekari 288. Na ilipokuja Huduma Namba, aliyekwenda Mahakama Kuu alikuwa Nubian Rights Forum pamoja na wengine. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakazuia serikali kuchukua DNA za watu na vipimo vya mahali wanapoishi, na wakasema mpango wenyewe hauwezi kuendelea bila sheria za kuulinda. Ule uamuzi ulimkinga kila Mkenya, hata yule anayekuuliza wewe ni wa wapi hasa.

Ukitaka kuona kwamba jambo hili si la Wanubi peke yao, angalia walivyofanyiwa Wakenya Wasomali mwaka 1989. Walipangwa mistari wakapigwa msasa nchi nzima, waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi, ati kuthibitisha kwamba kitambulisho chao cha kawaida ni cha kweli. Yaani karatasi ya kuthibitisha karatasi. Mwaka 2014 msako wa Usalama Watch ukawajaza uwanja wa Kasarani. Wapemba wa Kilifi na Kwale, Waislamu waliovuka kutoka Zanzibar vizazi vilivyopita, walisubiri mpaka 2023 kutambuliwa. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa.

Sasa rudi kwenye zile klipu.

Denmark ilipitisha sheria iliyoanza kazi mwaka 2019: anayepewa uraia lazima ampe mkono ofisa kwenye sherehe, kiganja kwa kiganja, bila glavu. Kila mtu alijua sheria hiyo imelengwa kwa nani. Kisha ikaja korona mwaka 2020, kupeana mikono kukawa hatari, na serikali ile ile ikasimamisha sherehe kwa sababu bila mkono hakuna uraia. Watu waliokuwa wametimiza kila kitu, lugha, mtihani, kodi, wakakaa kungojea ugonjwa upite. Sisi tulicheka, kusema kweli. Jambo walilosema ni nguzo ya taifa lilisimamishwa na kikohozi.

Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, mwaka 2006 maofisa walipewa orodha ya maswali ya kuwauliza waombaji uraia kutoka nchi za Kiislamu. Ungefanya nini mwanao wa kiume akikuambia hivi, binti yako akitaka kuvaa vile, mke anatakiwa kumtii mumewe au la. Mjerumani wa kuzaliwa mwenye mawazo ya kizamani hakuulizwa hata moja. Orodha ikalalamikiwa miaka mitano, ikafutwa 2011.

Tuwe waadilifu hapa, kwa sababu adui yako akiwa amekosea haimaanishi wewe uko sahihi kwa kila kitu. Nchi ina haki ya kumtaka mgeni ajifunze lugha yake. Ina haki ya kumtaka afuate sheria, na sheria inayomkinga mwanamke asipigwe nyumbani ni sheria nzuri, awe Copenhagen au Suneka. Ukihamia kwa mtu unafuata utaratibu wa nyumba. Hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni pale swali linapoacha kuuliza umefanya nini na kuanza kuuliza unafanana na nani. Sheria inaweza kumshika mtu kwa tendo. Haiwezi kumshika kwa jina la babu, kwa kitambaa cha kichwani, au kwa mkono ambao hakuutoa.

Na zaidi ya hapo, hata yule aliyetoa mkono, akajifunza lugha, akafaulu mtihani, bado anaambiwa arudi. Ilhan Omar aliingia Marekani akiwa mtoto mkimbizi, baada ya miaka minne katika kambi hapa Kenya. Akawa raia, akachaguliwa bungeni mwaka 2018. Julai 2019 umati wa watu ukapiga kelele arudishwe, mbele ya rais wao. Desemba 2025 rais huyo huyo akawaita Wasomali takataka. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala, akapata uraia wa Marekani mwaka 2018, na alipokaribia umeya wa New York mwaka 2025 mbunge mmoja akataka uraia wake uchunguzwe ili avuliwe. Alishinda Novemba. Lakini umeona mtego? Ukishindwa, wewe si mwenzetu. Ukishinda, lazima ulidanganya mahali.

Sasa kuna jambo ambalo majirani zetu wa Kisii na Nyamira wanalijua kuliko watu wa kaunti nyingi. Minnesota imejaa Wakisii. Hakuna kijiji hapa kisicho na mtu kule, Brooklyn Park au Minneapolis, anayetuma dola za karo na za mabati. Wengi wao ni Waadventista na Wakatoliki. Wanaishi mtaa mmoja na Wasomali, wanafanya kazi hospitali moja, na msako wa watu wa uhamiaji ukipita, ofisa anaona ngozi nyeusi na kusikia lafudhi. Hamuulizi anasali Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Mama wa Nyamira anayelala bila usingizi kwa sababu mwanawe Minnesota anaogopa kwenda kazini anajua vizuri maana ya kuulizwa wewe ni wa wapi hasa. Huyo mama ndiye wa kwanza unayepaswa kumweleza habari ya kitambulisho chako. Usiende kwake na hotuba ya ubaguzi. Muulize tu habari za mwanawe, kisha umwambie zako.

Waadventista tukae nao kidogo, maana huku kwetu ndio wengi. Wao pia walishindana na shule kwa miaka juu ya Jumamosi. Watoto wao walilazimishwa kwenda darasani na kufanya mitihani siku ya Sabato, wakaambiwa shule ina kanuni zake na asiyetaka aende kwingine. Walikwenda kortini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba wanafunzi hao wanastahili kuachiwa siku yao. Hoja yao ilikuwa nini? Kwamba kutendewa sawa si kulazimishwa kufanana. Ni hoja ile ile ya binti mwenye hijabu. Kesi ya hijabu ya Isiolo iliishia Mahakama ya Juu Januari 2019, na tukashindwa kwa jinsi maombi yalivyowasilishwa. Kama tungekuwa tumekaa meza moja na Waadventista tangu mwanzo, huenda tungejifunza mengi kutoka kwa mawakili wao. Hilo ni kosa letu, si lao.

Sasa utaambiwa, na utaambiwa na watu wa heshima: msasa ni kwa usalama. Al-Shabaab wameua. Usilipuuze hilo hata siku moja. Westgate 2013, Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 ambapo watu 148 waliuawa, DusitD2 mwaka 2019. Wale ni watoto wa watu, na anayewatetea wauaji wao si mwenzetu. Lakini angalia mmoja wa waliofanya ile ya Garissa alikuwa nani: kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Mtoto wa chifu! Angeingia mbele ya kamati yoyote ya msasa angetoka na barua siku hiyo hiyo. Kamati inayouliza jina la bibi haimkamati gaidi, inamkamata maskini asiyekuwa na nakala. Kitu kilichoweza kusaidia ni babake, ambaye alikuwa amekwisha kuripoti serikalini kwamba mwanawe ametoweka. Mzazi anayeiamini serikali anasema. Mzazi aliyezungushwa miaka mitatu kwa ajili ya kitambulisho cha bintiye atafikiria mara mbili kabla ya kuingia ofisi ile.

Februari 2025 Rais alisimama Wajir akatangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za kaskazini na mipakani. Tulifurahi. Kisha mabishano yakaanza, ati ni njia ya kuandikisha wageni wapige kura 2027. Sisi hatuna haja ya kumpigia rais makofi wala kumzomea. Tunasema tu kwamba tamko la jukwaani si sheria, anayelitoa leo mwingine analifuta kesho, na kijana wa Nubia Kisii haishi Wajir. Yeye hayuko mpakani. Yuko katikati ya nchi, na bado anaulizwa.

Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 10, kinachotaja maadili ya kitaifa. Utakuta uzalendo, umoja, utawala wa sheria, utu, usawa, haki za kijamii, kutobagua, kuwalinda waliotengwa, uadilifu. Hakuna mavazi humo. Hakuna jina wala ukoo. Kifungu cha 14 kinasema ukizaliwa, na mmoja wa wazazi wako, baba au mama, ni raia, wewe ni raia. Hata kama ulizaliwa ng'ambo. Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya pasipoti na hati za usajili. Kwa hivyo ukimpinga Mdenmark kwa kuweka sharti lisilokuwemo katika tendo la mtu, hapa kwetu kazi imekuwa rahisi zaidi: sharti la babu halimo hata katika Katiba yenyewe.

Kabla hatujamaliza, tujiangalie kwenye kioo.

Kuna Omogusii aliyesilimu Keroka. Anaingia msikitini, na mtu anamuuliza jina lake la zamani, anamuuliza kama familia yake inajua, anamwita "mgeni wetu" mwaka wa saba sasa. Akitaka kuoa, wanaanza kuuliza ukoo. Kwao kijijini wanamwambia amekuwa Mswahili, msikitini wanamwambia ni Mkisii. Huyo naye anaulizwa wewe ni wa wapi hasa, na wanaouliza ni sisi. Tena tunapozisema nchi za Magharibi, tukumbuke kwamba kuna Wakenya Waislamu waliofanya kazi Ghuba miaka ishirini na zaidi, chini ya kafala, na hawawezi hata kuota uraia wa nchi ya Waislamu wenzao. Ilhan angekuwa amekulia huko asingekuwa mbunge. Hili halitupendezi kulisema, lakini vijana mnalijua, na tukilinyamaza mtatuona waongo.

Na kuna hadithi moja tunayoisimulia madrasa bila kuifikiria. Waislamu wa kwanza kuhama hawakuhamia nchi ya Waislamu. Takriban mwaka 615 walivuka bahari kuja Afrika, Habasha, kwa Najashi mfalme Mkristo. Maquraishi wakatuma watu wawili na zawadi za ngozi, wamwambie mfalme: hawa ni watu wetu waliopotoka, dini yao si yetu wala si yako, warudishe. Mfalme angeweza kuwarudisha palepale na ngozi akazichukua. Hakufanya hivyo. Aliwaita awasikilize kwanza, Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza walichokuwa, walichokuja kukiamini, na walichofanyiwa. Najashi hakuuliza babu yao ni nani. Akarudisha zile zawadi.

Sasa kazi. Ukienda kuomba kitambulisho, beba cheti chako cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi mmoja, na vyeti vya shule. Ukiitishwa kitu ambacho mwenzako hakuitishwa, usipige kelele na usitoe pesa. Uliza kwa adabu: naomba uniandikie kwamba kinahitajika na kwa sheria gani. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapogusa haki yako. Wengi wakiombwa waandike, lile sharti huyeyuka. Lisipoyeyuka, una mahali pa kuanzia na Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman. Malalamiko yenyewe ni bure.

Kisha utuandikie. Tarehe, ofisi, cheo cha aliyekuhoji, na maswali neno kwa neno kama ulivyoulizwa, kwa Kiswahili au Ekegusii. Usitie chumvi. Jina lako halitatoka hapa bila idhini yako. Wale watoto wa kesi ya 2011 walisikilizwa kwa sababu kuna watu walikaa chini wakaandika nani aliulizwa nini, lini. Kisii na Nyamira hatuna daftari kama hilo. Ukiwa na rafiki Omogusii aliyekwenda nawe siku hiyo hiyo, mwombe naye aandike aliyoulizwa yeye, tuyaweke kando kwa kando.

Na wewe uliyekwama tangu mwaka jana, yule uliyetuandikia kwamba umechoka na unataka kuvuka Busia utafute cha Uganda: usifanye hivyo. Ukichukua cha pili kwa uongo utakuwa umewapa jibu walilokuwa wakilitafuta. Tutumie nambari yako, mmoja wetu atakusindikiza Jumatatu.